Kopo la unga wa mimea, vidonge vya "nguvu", na sahani ya kijana wa Igoma

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24, naishi Igoma hapa Mwanza, uzito wangu kilo 62. Mimi ni Msabato, mwaka juzi niliacha nyama na samaki kabisa, maziwa natumia mara moja moja. Mchana nabeba mizigo sokoni, jioni napiga tizi na wenzangu mtaani. Wenzangu wanajaa, mimi niko vilevile. Kuna kaka analeta kopo la unga wa protini ya mimea, vipimo 30, shilingi 150,000. Ana na chupa ya vidonge vya mimea tupu, anasema vinapandisha homoni ya kiume na kujaza msuli, 60,000. Mama yangu anasema nitumie mlonge. Jamaa mwingine anasema soya itaniotesha matiti. Chakula changu: asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana ugali wa muhogo, mchicha na maharage, usiku wali maharage, katikati natafuna karanga za mia tano. Nishike lipi? Kopo nimeshatanguliza 50,000. Na huo unga unanywewa kabla ya tizi au baada?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa kuwa pesa imeshaanza kutoka mfukoni, nianzie hapo hapo. Vidonge usivinunue. Kopo mwambie kaka asubiri kidogo. Unga wenyewe hauna ubaya, ila hakuna mtu anayeweza kukuambia unauhitaji au huuhitaji kabla ya kujua unakula nini, na wewe umefanya jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawafanyi: umeniwekea sahani yako yote mezani. Basi tuihesabu.

Mtu mzima asiyefanya mazoezi anatosheka na protini gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayenyanyua vyuma anataka zaidi. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio 49 ya watu wa mazoezi ya uzito, washiriki zaidi ya 1,800, ukaonyesha kwamba kuongeza protini kunasaidia msuli mpaka kufikia karibu gramu 1.6 kwa kilo. Ukipita hapo, kinachoongezeka ni gharama tu. Kwa kilo zako 62 ni gramu 100 kwa siku, ukizungusha kidogo.

Sasa unapata ngapi? Chapati mbili za kawaida nazihesabia gramu 10. Maharage ya mama lishe, upawa mmoja mchana na mmoja usiku, gramu 8 kila upawa, hiyo 16. Sahani ya wali iliyojaa, 10. Karanga, 7. Mchicha, 3. Ugali wa muhogo nakupa 4, na hapo nimekuwa mkarimu. Jumla gramu 50. Unakula nusu ya unachotakiwa kula, halafu unashangaa mwili haujengeki.

Nisimame kidogo kwenye ugali huo, maana ndiko tatizo lako lilikojificha. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu moja mpaka mbili. Dona ina nane mpaka tisa. Mtama unafika kumi. Watu wa Ukerewe, Sengerema na visiwani wamekula ugali wa muhogo miaka yote, wakavuta makasia na nyavu kwa mikono, na miili wanayo. Ila hawakuula peke yake. Pembeni kulikuwa na sato, furu, au dagaa, na dagaa aliyekaushwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Samaki ndiye aliyekuwa anaibeba sahani ile, muhogo ulikuwa wa kushibisha. Wewe umemwondoa samaki kwa imani yako, nami siigusi imani yako, lakini ugali ukauacha uleule na maharage ukayaacha upawa uleule. Wenzako wanaojaa, nenda ukaangalie wanakula nini baada ya tizi. Nadhani utakuta mifupa ya sangara.

Kuna la pili hapo hapo. Wewe unabeba mizigo kutwa. Mwili unaochoma nguvu nyingi na kupata chakula kidogo hauhifadhi protini kwa ajili ya msuli, unaichoma kama kuni. Kwa hiyo hata ukinywa unga wa 150,000 juu ya sahani ndogo, sehemu yake itaishia mgongoni pamoja na magunia. Kabla ya kitu chochote cha kopo, ongeza chakula chenyewe.

Pengo lako ni gramu 50. Ningekuwa wewe ningeliziba hivi. Mchana badili muhogo, kula dona. Kama unga mkavu unaoingia kwenye ugali wako ni gramu 250 hivi, umepata gramu kama 16 za ziada bila kuongeza kitu mezani. Ukiukosa muhogo roho ikauma, changanya na mtama au dona nusu kwa nusu. Maharage mwambie mama lishe akuwekee pawa mbili mara moja kwa siku, hiyo nane nyingine. Asubuhi, badala ya chai ya rangi tupu, pika uji na utie gramu 50 za unga wa soya, unapata 18. Karanga ongeza ziwe viganja viwili vizuri, gramu sita au saba. Jumlisha: tumefika karibu gramu 50, na hatujafungua kopo lolote.

Ukichoka maharage, Kanda ya Ziwa tumebarikiwa choroko na dengu. Zinalimwa Magu, Misungwi, Kwimba mpaka Shinyanga, na gramu 100 za choroko kavu zina protini kama 24, dengu kama 20. Dengu zilizolowekwa usiku kucha zinaiva haraka na tumbo halijai gesi sana. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo najua nyumbani kwenu haikosekani, ni tamu na inakupa nguvu ya kubebea mizigo, ila protini yake ni kidogo mno. Uile pamoja na karanga, usiile badala ya karanga.

Kuhusu unga wa soya, angalizo moja la jikoni. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo lazima iive: iwe imekaangwa sawasawa kabla ya kusagwa, na uji uchemke vizuri. Ukinunua mashineni, uliza kama ilikaangwa. Tena nunua soya peke yake. Ule "unga wa lishe" wa mchanganyiko wa vitu saba, mahindi, mchele, ulezi, mtama, soya, ngano na karanga, siupendi sana. Soya humo huwa ya kuonja tu, na karanga zikishasagwa na kukaa kwenye mfuko hupati tena nafasi ya kuona kama zilikuwa na ukungu. Sumukuvu haionekani kwenye unga, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka zenye sumu hiyo. Karanga zako tafuna nzima, na iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye uchungu iteme.

Najua utauliza: mbona jimu wanasema protini ya mimea haijengi? Kuna ukweli ndani yake, ila umepitiliza. Protini imeundwa na vipande vinavyoitwa asidi amino, na tisa kati yake mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi na mchele vina upungufu wa laisini. Maharage, choroko na dengu vina laisini ya kutosha, ila vimepungukiwa methionini, ambayo nafaka zinayo. Ndiyo maana ugali maharage na wali choroko ni vyakula vya akili. Si lazima vikutane kwenye tonge moja, vikutane ndani ya siku inatosha. Halafu ipo lyusini, ambayo ndiyo inayoamsha msuli uanze kujijenga, na kila mlo mkubwa unataka kama gramu mbili na nusu. Maziwa yanaishinda mimea mingi hapo. Cha ajabu, protini ya mahindi ina lyusini nyingi kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo dona tunayoidharau inachangia.

Mwaka 2021 watafiti wa Brazil walichukua vijana wasiokula chochote cha mnyama na vijana wanaokula kila kitu, wakawafanyisha mazoezi ya miguu wiki 12. Wote walifikishwa gramu 1.6 kwa kilo, wa kwanza wakiongezewa protini ya soya, wa pili protini ya maziwa. Mwishoni misuli na nguvu viliongezeka sawa. Majaribio mengine ya unga wa njegere na unga wa mchele yalitoa picha inayofanana, kwa dozi za kutosha. Kiasi kikifika, msuli hauulizi protini ilitoka zizini au shambani. Kiasi kisipofika, ndipo mimea inapoonekana dhaifu.

Sasa tuurudie ule unga wa kopo, kwa hesabu ya duka. Kama lebo inasema gramu 20 za protini kwa kipimo, vipimo 30 ni gramu 600. Gawanya 150,000 kwa 600, unalipa shilingi 250 kwa kila gramu ya protini. Kilo ya dengu ina protini kama gramu 200. Tuseme umeinunua 3,000: shilingi 15 kwa gramu. Weka bei ya sokoni kwenu leo, hata ikiwa mara mbili, bado hazikutani. Kopo lina kazi yake kwa mtu asiye na muda wa kupika, au aliyeshiba na bado hajafika kwenye lengo lake. Wewe hujafika hapo.

Na kama siku moja utalinunua, soma lebo kwa macho ya mnunuzi wa kitenge. Tafuta gramu za protini kwa kipimo, usitazame uzito wa kopo. Kuna makopo makubwa ya "kuongeza mwili" ambayo sehemu kubwa ni sukari na wanga, na kipimo kimoja ni vijiko vinne vya unga. Tafuta pia jina la mmea: soya, njegere, mchele, au mchanganyiko wa njegere na mchele, ambao kwa asidi amino ni mzuri. Jua vilevile kwamba mimea hufyonza risasi na kadimiamu kutoka ardhini, na vipimo vilivyofanywa Marekani vimekuta unga wa mimea ukiwa na metali hizo kuliko unga wa maziwa. Kipimo kimoja kwa siku hakinipi hofu. Vipimo vinne kila siku kwa miaka vinanipa.

Soya na matiti. Habari hii haifi. Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na homoni ya kike, na hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Tafiti nyingi za wanaume zimejumlishwa mara mbili, 2010 na 2021, na hazikukuta homoni ya kiume ikishuka wala ya kike ikipanda, kwa anayekula soya au kunywa unga wake. Kisa kinachosimuliwa ni cha mzee mmoja wa Marekani aliyeota matiti, na ni kisa cha kweli, ila yeye alikuwa akinywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, yakapungua. Gramu 50 za unga kwenye uji hazikufikishi huko. Mwambie jamaa yako ale kwa amani.

Mlonge wa mama yako usiudharau, ila uuelewe. Gramu 100 za majani makavu ya mlonge zina protini kama 25, na watu husoma namba hiyo wakafurahi. Nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko kimoja kikubwa ni gramu nane au kumi, kinakupa protini gramu mbili na nusu, chini ya nusu ya yai. Utumie kwa madini na vitamini zake, tia kwenye mboga, mshukuru mama. Msuli utafute kwenye soya na choroko.

Hesabu hiyo hiyo inaiangukia spirulina, ule unga wa kijani iliyokolea. Zaidi ya nusu yake ni protini, lakini kijiko ni gramu saba, basi gramu nne za protini kwa bei ya mlo wa siku nzima. Na naomba niliseme hili kwa sauti kwa sababu tuko kando ya ziwa: ule utando wa kijani unaoelea Ghuba ya Mwanza maji yakitulia, hasa karibu na mitaro inapoingilia, si spirulina. Mara nyingi ni jamii nyingine ya vijidudu vya kijani inayotoa sumu ya ini, na kuukausha hakuondoi sumu. Anayekuuzia "spirulina ya ziwani" aliyoianika mwenyewe juu ya turubai mkimbie. Hata maji yenye utando huo usiyanywe, kuchemsha hakusaidii.

Tufike kwenye vidonge.

Hujaniambia jina, ila chupa za aina hiyo nazijua, na ndani huandikwa mchanganyiko wa vitu vilevile. Cha kwanza karibu kila mara ni Tribulus terrestris. Hiyo ni mbigiri, mwanangu. Zile mbigiri zinazotambaa kwenye viwanja vya mchanga na kutoboa tairi za baiskeli. Imejaribiwa kwa wachezaji wa raga wa Australia kwa wiki tano za mazoezi makali. Waliokunywa mbigiri hawakuwashinda waliokunywa vidonge visivyo na dawa ndani, si kwa nguvu wala kwa msuli, na homoni ya kiume haikusogea. Cha pili ni uwatu, ule ule wa dukani kwa Wahindi. Matokeo yake yanapingana, na unashusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa awe mwangalifu. Mulondo, mzizi unaokuja kutoka Uganda, nao siku hizi unaingizwa humo. Sifa yake ni ya chumbani, msuli haumo.

Ashwagandha, mmea wa dawa wa India, ndiyo peke yake ninayoweza kuipa heshima kidogo. Jaribio moja la wanaume 57 lililotoka 2015 liliona waliokunywa miligramu 600 kwa siku kwa wiki nane wakinyanyua uzito mkubwa zaidi ya wenzao. Lakini majaribio yake ni madogo, na nchi kadhaa zimeripoti watu kuumia ini baada ya kuitumia. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, ambako homa ya ini aina ya B na kichocho vimeshatangulia kulichosha ini la wengi bila wao kujua, mimi siishauri.

Hayo ni yaliyoandikwa kwenye lebo. Linalonitisha ni lisiloandikwa. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho nyongeza 634 kutoka nchi 13, matokeo yakatoka 2004: 94, yaani karibu 15 kwa kila 100, vilikuwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Huku kwetu ujanja una sura nyingine. Kwenye dawa za "kunenepa" na "kujaza mwili" husagwa deksamethasoni au siproheptadini, dawa za hospitali. Mtumiaji anasikia njaa isiyoisha, analala kama gogo, ndani ya wiki mbili uso umejaa na mashavu yameng'aa, na mizani inasoma kilo nne zaidi. Anaona imefanya kazi. Kumbe ni maji na mafuta, na deksamethasoni ikitumika kwa muda huwa inakula msuli wenyewe, inapandisha sukari na presha, na kulegeza mifupa. Kama wewe au mwenzako mmeshatumia vidonge vya namna hiyo kwa wiki kadhaa, msiache ghafla kimyakimya. Nendeni hospitali na chupa mkononi, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake na kuachishwa kunataka utaratibu.

Ukitaka kukagua bidhaa yoyote, jua kwamba tangu 2019 vyakula viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa zikabaki TMDA, mamlaka ya dawa. Chupa inayodai kutibu au kupandisha homoni, isiyo na usajili wa huku wala kule, anwani ya mtengenezaji wala namba ya toleo, haina maelezo mengine ya kusikiliza. Na wewe kama Msabato, au jirani yako Mwislamu, mkumbuke ganda la kidonge cha kapsuli kwa kawaida ni jelatini, na jelatini inatoka kwa ng'ombe au nguruwe. "Mimea tupu" iliyofungwa ndani ya ngozi ya nguruwe ni jambo ambalo muuzaji hatakuambia.

Kipo kitu kimoja cha kopo ambacho ningekununulia kwa pesa yangu, nacho hukukitaja: kriatini. Mwili hutengeneza kama gramu moja kwa siku, nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Asiyekula hivyo viwili misuli yake huwa na akiba ndogo, kwa hiyo akiinywa huiona faida vizuri. Kinachouzwa kinatengenezwa kiwandani kwa kemikali, hakitoki kwa mnyama, imani yako iko salama. Kinakuwezesha kunyanyua mara mbili tatu zaidi kabla ya kuchoka, na hizo mara mbili tatu ndizo zinazojenga. Dozi ni gramu tatu hadi tano kila siku, kijiko kidogo cha chai, saa yoyote. Wanaokuambia uanze na gramu 20 kwa siku kwa wiki moja hawakudanganyi, akiba inajaa haraka, ila tumbo linaweza kuharisha. Ukienda taratibu inajaa ndani ya wiki tatu au nne, na hupotezi kitu. Uzito utaongezeka kilo moja hivi mwanzoni, hayo ni maji yaliyoingia ndani ya msuli. Chagua ya unga, isiyo na rangi wala ladha, lebo iandike kriatini monohaidreti peke yake.

Ni miongoni mwa virutubisho vilivyochunguzwa sana kuliko vyote, na kwa mtu mwenye figo nzima ni salama. Mwenye ugonjwa wa figo, presha, kisukari au selimundu asianze kabla ya kuongea na daktari wake. Na siku ukipimwa damu hospitali, sema kwamba unaitumia, kwa maana kriatinini, kipimo cha kuangalia figo, kinapanda kidogo bila figo kuwa na tatizo, ukaja kutishwa bure.

Kingine ni vitamini B12. Mimea haina. Spirulina pia haina, wanaosema inayo wanasoma aina ambayo mwili hauwezi kuitumia. Akiba yake kwenye ini inadumu miaka, ndiyo maana mtu anaacha nyama na kuona hakuna shida, mpaka mwaka wa tatu au wa nne miguu inaanza kufa ganzi, na uchovu hauondoki kwa kulala. Maziwa ya mara moja moja hayatoshi. Ama unywe vikombe viwili kila siku, na mayai kama yanaruhusiwa kwako, ama ununue vidonge vya B12 famasi, ambavyo bei yake haikaribii ya kopo.

Sasa swali langu kwako. Unaogelea ziwani, au unaoga huko? Kama vijana wengi wa Mwanza jibu ni ndiyo, basi kabla ya unga wowote nenda kituo cha afya wakupime choo na wingi wa damu. Kichocho cha tumbo kimejaa ukanda huu wote. Wale minyoo wanakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yao yanajeruhi utumbo na ini, damu inapotea kidogo kidogo, na mtu hana dalili kubwa isipokuwa uchovu na mwili kugoma kuongezeka. Dawa yake ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wako na kunywewa siku moja. Nimewaona vijana waliokuwa wakibadilisha makopo, tatizo likawa hilo.

Damu ikiwa ndogo, kumbuka chuma cha mimea hakifyonzwi kirahisi. Kamulia limau kwenye maharage na mchicha, na chai ya rangi isukume mpaka saa moja au zaidi baada ya kula, majani yake yanazuia chuma.

Kwenye mazoezi sina mengi. Ila kama vyuma vyenu ni vile vya makopo ya rangi yaliyojazwa zege, uzito unabaki uleule miezi sita na msuli ukishauzoea haukui. Ongezeni makopo, au ongezeni idadi, au shusheni taratibu kwa kuhesabu mpaka tatu. Lala saa saba au nane. Na kwa kuwa mwili wako umeshabeba magunia kutwa, siku tatu nne za tizi kwa wiki zinatosha.

Ile 50,000: mwombe kaka badala ya kopo akuletee kriatini tupu, iwe na muhuri wake, tarehe ya mwisho inasomeka. Akisema hana, mwombe akurudishie. Kula sahani mpya kwa miezi miwili, jipime kwenye mizani ile ile, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Usiposogea kabisa na choo na damu viko sawa, hapo sasa tuongee habari ya kopo, na nitakuambia chukua.

Na ukija kulichukua, kabla ya tizi au baada haina uzito mkubwa. Jumla ya siku ndiyo inayojenga, igawe kwenye milo mitatu au minne, kila mmoja gramu 25 hivi. Wengi huunywa baada ya tizi kwa sababu ndipo njaa inapouma. Ukitaka kuutia kwenye uji, epua kwanza, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge. Ukiuchemsha pamoja utaganda mabonge na utaulaumu unga.